Choroko, maharage au mbaazi: nunua ipi kwanza kwa familia isiyokula nyama

Vitabu vingi vya mapishi yasiyo na nyama vinataja maharage kwa makopo: kopo moja la gramu 400, makopo mawili, basi. Kopo hilo ukilichuja maji hubaki na kama gramu 240 za maharage yaliyoiva, na kuyapata hayo jikoni kwako unahitaji gramu 100 tu za maharage makavu, yaani zaidi kidogo ya nusu kikombe. Ukichemsha kilo moja kwa mpigo na kugawa kwenye vifuko vya gramu 240 kwenye friza, una makopo kama kumi kwa bei ndogo sana ukilinganisha na ya supamaketi.

Kwa mboga ya wali au ugali, pima gramu 70 hadi 80 za makavu kwa mtu mzima na 40 kwa mtoto mdogo. Familia ya watu sita inatosheka na nusu kilo kwa mlo. Bei ya kilo pekee haitoshi kuamua ununue nini. Aina inayoiva kwa nusu saa na inayotaka saa tatu zinaweza kuuzwa bei moja, ila ya pili inakula mkaa au gesi mara nyingi zaidi. Orodha hii imepangwa kwa kuangalia gharama mpaka sahanini, urahisi wa kupika siku ya kazi, na kama watoto watakula.

Umri kwanza, aina baadaye

Maharage mazuri ya mwaka jana ni mabaya kuliko maharage ya kawaida ya msimu huu. Yakikaa miezi mingi kwenye stoo yenye joto na unyevu huwa sugu: unaloweka usiku kucha, unachemsha saa tatu, ganda linalegea lakini ndani yanabaki magumu. Gundi inayoshikanisha chembe za punje (pektini) imeshajifunga na madini, haiyeyuki tena kwa maji ya moto peke yake.

Kwa maharage yenye mabaka, kama kablanketi ya Tanzania au rosecoco ya Kenya, angalia rangi ya chini ya mabaka. Ikiwa bado nyepesi na angavu, ni mapya. Ikigeuka kahawia, yamezeeka. Ng'ata punje moja: iliyokauka vizuri hupasuka, yenye unyevu hubonyea kwa jino, na hiyo itaota ukungu nyumbani. Muuzaji usiyemjua mnunulie robo kilo kwanza, loweka usiku, pima asubuhi. Mapya huongezeka karibu mara mbili kwa uzito. Ukikuta punje nyingi bado ndogo, zina mikunjo na hazijavimba, usirudi kwake na gunia.

Usichukue sampuli ya juu ya gunia. Ingiza mkono ndani kabisa, toa konzi, angalia kiganja. Unga laini mkononi ni kazi ya wadudu. Kitundu cha duara safi maana yake mdudu mmoja ameshatoka, na wenzake wako ndani ya punje zinazoonekana nzima. Kwenye choroko na kunde tafuta pia vidoa vyeupe vilivyoganda juu ya punje: hayo ni mayai, na kwa joto la pwani wiki tatu au nne zinatosha kutoa kizazi kipya.

Ukinunua kwa kopo badala ya mizani, iwe gorogoro ya Nairobi au kisado, geuza kopo utazame kitako. Kilichobonyezwa kuelekea ndani kimeshakupunguzia.

1. Choroko

Hii ndiyo ya kununua kwanza, na kwa familia inayopika kila siku haina mshindani wa karibu. Nusu kilo kwenye lita moja na nusu ya maji huiva kwa dakika 30 hadi 45 bila kulowekwa. Tumbo linaivumilia kuliko maharage, na inakubali nazi, nyanya, bizari au kitunguu tu. Nairobi omba ndengu, utapewa hii hii. Dar es Salaam neno hilo litakuletea kitu kingine kabisa.

Tatizo lake ni mawe. Hupurwa chini, na vijiwe vinavyoingia vinalingana na punje, kwa hiyo ungo hautoshi. Mwaga kwanza kwenye sinia jeupe uchambue. Kisha tia kwenye beseni lenye maji mengi, tikisa, na mimina choroko pamoja na maji kidogo kidogo kwenye beseni la pili. Mawe yanabaki chini ya la kwanza. Rudia mara tatu.

Kuna tatizo la pili ambalo wengi humlaumu mpishi: punje chache zisizoiva kabisa, zinazogonga jino katikati ya choroko laini. Ganda lake halipitishi maji. Loweka saa moja au mbili kwa ajili ya hilo tu. Zilizobaki ndogo na zinazong'aa wakati wenzake zimevimba, toa utupe.

Ukiunga kwa nazi, tui jepesi liingie choroko zikishaiva, lichemke kidogo pamoja na kitunguu na nyanya iliyokaangwa. Tui zito litie mwishoni, dakika tano, sufuria ikiwa wazi na mwiko ukizunguka, la sivyo litakatika na mafuta yataelea juu.

2. Maharage ya njano

Masoko mengi ya Tanzania huyaita "soya", ingawa si soya. Yanatoa mchuzi mzito bila kusagwa na hayana uchungu kwenye ganda, kwa hiyo watoto hawayakatai. Kablanketi yanafuata kwa karibu na ni matamu zaidi. Maharage makubwa mekundu weka kwa ajili ya makande, kwa sababu hayavunjiki yakipikwa na mahindi muda mrefu.

Yaloweke saa 8 hadi 12 kwenye maji yenye chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita mbili. Wengi wameambiwa chumvi hukaza maharage. Kwenye maji ya kulowekea hufanya kinyume, hulainisha ganda. Mwaga maji hayo, weka mapya, na chemsha kwa moto mkali dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Hatua hiyo si ya hiari, hasa kwa mekundu: maharage mabichi yana sumu ya asili, lektini, inayoleta kutapika na kuharisha, na moto mdogo usiofikisha mchemko hauiondoi. Sufuria ya umeme ya kupika polepole isipokee maharage ambayo hayajachemshwa pembeni kwanza.

Nyanya, ndimu na ukwaju visubiri mpaka punje ibonyee kwa vidole. Asidi ikitangulia, maharage yanaweza kukaa jikoni saa nzima ya ziada. Maji ya kisima yenye chokaa hufanya vivyo hivyo. Kama huna mengine, chukua magadi ya kubana kwa vidole viwili, si zaidi, kwa sababu yakizidi yanaharibu vitamini B1 na kugeuza maharage uji wenye ladha ya sabuni.

Yaliyolowekwa huiva kwa saa moja hadi moja na nusu kwenye sufuria ya kawaida, dakika 15 hadi 20 kwenye presha kuka. Usijaze presha kuka zaidi ya nusu, maji na maharage pamoja, na tia kijiko cha mafuta. Povu ndilo linaloziba tundu la mvuke. Ukiweza kuchagua kati ya kununua maharage ghali zaidi na kununua presha kuka, nunua presha kuka.

Ndimu au kachumbari mezani si pambo. Familia isiyokula nyama inategemea madini ya chuma ya mikunde, na vitamini C kwenye mlo ule ule husaidia mwili kuyachukua. Chai ya rangi au ya maziwa huzuia, kwa hiyo isogezeni mbele saa moja.

3. Adesi nyekundu zilizopasuliwa

Kenya huziita kamande, ingawa huko jina hilo mara nyingi hupewa zile za kahawia zenye ganda, zinazochukua dakika 30 hadi 40. Nyekundu hazina ganda, huiva kwa dakika 15 hadi 20 na kuvurugika zenyewe. Ndiyo chaguo la supu, la mtoto anayeanza kula, na la jioni ambayo hakuna aliyekumbuka kuloweka. Ni ghali kwa kilo, lakini piga hesabu ya gesi kabla ya kuziruka. Chagua zenye rangi ya chungwa iliyokolea. Zilizopauka zimezeeka.

4. Mbaazi

Kwa ladha ndani ya nazi zingekuwa za kwanza, na mtu wa pwani anayekula mbaazi na mahamri asubuhi hatakubali nafasi hii. Zinateremshwa na muda: kavu, hata zikilowekwa, hutaka saa moja na nusu hadi mbili. Lindi, Mtwara na Babati huzalisha nyingi, na bei yake hufuata soko la India kuliko soko la mtaani kwako. India ilipoweka kikomo cha uagizaji mwaka 2017, wakulima wa Tanzania walibaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Nunua baada ya mavuno, karibu Agosti na Septemba. Ukikuta mbichi kwenye maganda kabla ya hapo, chukua hizo. Huiva kwa nusu saa.

5. Dengu

Dengu za Kanda ya Ziwa ni ndogo, za kahawia, zenye ganda gumu. Vitabu vinavyotoka nje vinapotaja dengu vinamaanisha zile kubwa nyeupe. Za kwetu zinafaa kwenye mchuzi na ladha yake imekolea zaidi, ila ziongezee nusu saa, na kama mapishi yanataka zisagwe ziwe laini, menya maganda au ukubali ukwaruzo. Unga wa dengu wa bajia unuse kabla ya kulipa. Ukikaa sana hutoa harufu ya mafuta ya zamani.

6. Kunde

Mara nyingi ni za bei nafuu, huiva chini ya saa moja, na bajia za kunde hazina mbadala. Lakini wadudu huzipenda kuliko zote hapa. Nunua za wiki mbili, usizidishe.

Za mwisho

Njugu mawe ni tamu na zinashibisha, ila saa mbili hadi tatu jikoni zinazifanya chakula cha siku ya mapumziko. Vipande vya soya vina protini karibu nusu ya uzito wake na vinapikika upesi, lakini bila kazi havina ladha: loweka kwenye maji ya moto, kamua mpaka maji yaishe, kisha kaanga na viungo kabla ya mchuzi. Nunua visivyotiwa chumvi wala ladha ya kuku.

Kiasi na kuhifadhi

Nusu kilo kwa siku, siku sita kwa wiki, ni kama kilo 13 kwa mwezi. Gawa hivi: choroko 5, maharage 5, na 3 zilizobaki za adesi au mbaazi kufuatana na bei ya wiki hiyo. Kwa bei nzuri nenda soko la nafaka kama Tandale la Dar es Salaam badala ya duka la Mangi la mtaani, ila nenda na mfuko wako na uombe mizani.

Ukifika nyumbani, kama una friza, weka nafaka humo siku nne kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Mayai na mabuu hufa. Toa, acha zirudie joto la kawaida mfuko ukiwa umefungwa, usije ukaingiza unyevu, kisha jaza kwenye chupa za maji zilizokauka kabisa. Jaza mpaka shingoni na ukaze kifuniko: hewa ikiwa kidogo, mdudu hana cha kuvuta. Anayenunua gunia zima atumie mifuko ya PICS, ile isiyopitisha hewa ya kuhifadhia mazao, ya tabaka tatu, na kila mfuko wa ndani ufungwe peke yake. Andika mwezi wa kununua kwenye chupa, na ya zamani itangulie sufuriani.