TAHADHARI: "seti ya mwanzo" ya kusuka koili za vepu, nimelizwa 135,000

Wadau mnaotaka kuanza kujisukia koili wenyewe (kile kiwaya cha ndani ya vepu, yaani sigara ya umeme, kinachopasha majimaji yatoe mvuke), someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anauza mtandaoni kitu anachokiita seti kamili ya mwanzo, 135,000 na hela ya boda juu, anakuletea mpaka mlangoni hapa Dar. Jina sitaji, na hata ningetaja lisingesaidia, kashabadilisha jina la ukurasa mara mbili tangu tuanze kuvutana. Picha ndo ileile, seti imepangwa juu ya zulia la kijani halafu pembeni unaona kandambili ya mtu.

Boksi likifunguliwa linavutia kwa kweli, modi ya chuma nzito (mwili wa vepu unaobeba betri), atomaiza (kichwa cha juu inapofungwa koili), roli tatu za waya, kibano, pamba, betri mbili. Shida ilianza kwenye betri. Ni saizi ya 18650 na zimeandikwa 9800mAh, yaani kiasi cha chaji inayobeba. Jamani 18650 nzuri kwa kawaida inaishia kwenye 3500 hivi, na zile zenye nguvu ya kuvepia huwa chini ya hapo, mfano Samsung 25R ni 2500 tu lakini inatoa ampea 20. Nikaenda kwa sonara wa mtaani anipimie kwenye mzani wake wa dhahabu, ikasoma gramu 29. Ya kweli inacheza kwenye 45. Sonara akaniuliza kama nauza au naweka rehani.

Sasa waya. Imeandikwa Kanthal A1 (waya maalumu wa kupasha moto) geji 26, yaani unene wake, nikamuuliza jamaa nitajuaje ni orijino akasema weka sumaku ikinasa ujue ndo yenyewe. Nikatoa sumaku kwenye spika mbovu, ikanasa, nikatulia, mjinga mie. Ni kweli Kanthal inanasa kwa sababu ina chuma, ila hata waya wa kufungia nondo unanasa! Nikasuka mizunguko 7 kwenye drili biti ya milimita 3, hapo geji 26 ya kweli inatakiwa isome ukinzani wa kama omu 0.9. Bahati mshikaji wangu alikuwepo na modi yake yenye saketi inayopima koili na kugoma ikiona hatari, akasema tupimie kwangu kwanza, tukafunga, ikaandika 0.08 ikagoma kuwaka.

Pigeni hesabu wenyewe, betri ikijaa ni volti 4.2, gawa kwa 0.08 unapata ampea 52 na ushee, wakati hata ile 25R nzuri ni 20. Ile modi ya kwenye seti ni bomba tu na swichi, haina saketi, haigomi, ningebonyeza ingepeleka moto wote nikiwa nimeishika karibu na mdomo na ndani kuna betri za tochi. Tukailaza ile koili na pamba iliyolowa maji, asubuhi pamba ina doa la kutu kabisa. Kanthal hailetagi mambo hayo.

Kwa anayeanza, achana na seti, nunua kimoja kimoja. Modi yenye saketi kwanza, hizo za bomba waachie wazoefu. Waya roli moja tu ya Kanthal geji 26 au 24, kibano cha kauri, mkasi mdogo wa kukata waya karibu na skrubu, na kipimo cha omu kama modi yako haionyeshi. Mita ya fundi umeme usiitegemee, kwenye omu ndogo hivi inadanganya sababu nyaya zake nazo zina omu zake. Betri nunua kwa muuzaji anayekubali uzipime hapohapo, na ganda la plastiki la betri likichanika kidogo usiitumie.

Nilimtumia picha ya mzani akajibu "hizo ni toleo jepesi bro". Nikataka hela yangu, kaniblok. Jana mshikaji kaniambia seti imerudi sokoni, 120,000, zulia lilelile.