Beamish: nyumba ya Joe ndiyo iliyonipeleka

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo tramu na magari ya zamani ya Beamish, makumbusho ya wazi huko County Durham, Uingereza, niliyapita tu. Nilitaka sehemu ya miaka ya 1820, na hasa kijumba cha Joseph Hedley, aliyejulikana kama Joe Mshona Mifarishi.

Joe aliishi peke yake karibu na Warden, Northumberland, na aliuawa nyumbani kwake Januari 1826. Muuaji hakupatikana hadi leo. Nyumba ilibomolewa baadaye, kisha makumbusho wakachimba pale ilipokuwa na kuijenga upya hapa Beamish, wakiifuata michoro ya wakati ule. Paa limeezekwa kwa vichaka vya nyikani, ndani kuna giza, nami nikajiuliza mzee yule aliuonaje uzi. Mfarishi ni tabaka tatu, kitambaa juu, kitambaa chini, katikati pamba au sufu, na mshono lazima uzipite zote bila kuvuta. Hapo ni mkono mtupu, cherehani bado. Wateja wangu wanaolalamikia bei ya kupinda pazia ningewaleta hapa!

Pockerley, nyumba ya mkulima mwenye uwezo, ni nzuri pia, lakini kwangu haifikii ya Joe.

Ushauri: vaa viatu vya matope, maana eneo ni kubwa na lina vilima. Tiketi ya kawaida unaitumia mwaka mzima, kwa hiyo usijitese kumaliza kila kitu siku moja. Nyota tano.