Marumaru ya sakafu ya bafu: tuliyoing'oa, tuliyoiweka, na zipi ziachwe dukani

Bafu letu lina upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2. Sakafu hiyo ndogo tumeivalisha marumaru mara mbili ndani ya miaka mitatu, na mara ya pili ililetwa na makosa ya mara ya kwanza. Tulianza na zile za sentimita 60 kwa 60, rangi ya maziwa, zinazong'aa mpaka unajiona sura. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Sengerema, akaingia kuoga asubuhi, akateleza, akakaa chini puu. Hakuvunjika popote, tunashukuru Mungu, ila siku zote zilizobaki aliogea nje kwenye bafu la mabati nyuma ya nyumba, na hakuna aliyethubutu kumwambia, "Mama, rudi ndani." Jumamosi iliyofuata baba watoto alishika tindo na nyundo.

Hapa chini nimezipanga kwa namba, moja hadi sita, kuanzia inayofaa zaidi. Mpangilio huu ni wa wanaotaka kuweka wenyewe, mume anachanganya na mke anapanga, au kinyume chake kama kwetu. Fundi mwenye mashine anaweza kuzipanga tofauti, na hatakuwa amekosea.

Kabla ya kwenda dukani, tazama namna mnavyooga. Hapa Mwanza wengi wetu shawa tunayo, lakini ndoo na kopo havijaondoka bafuni. Nyumba za mlimani presha ya maji huwa ndogo, na siku ya mgao unaoga kwa kilichobaki kwenye pipa. Maji ya kopo humwagika kwa mpigo: hayaanguki pembeni pa shawa tu, yanalowesha sakafu nzima hadi mlangoni. Kwa hiyo sakafu nzima lazima iwe na mwinuko kuelekea kwenye tundu la maji. Sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita zinatosha. Kwa bafu kama letu, ikiwa tundu liko ukuta wa mwisho, upande wa mlango unakuwa juu kwa sentimita 3 hivi.

Hapo ndipo ukubwa wa marumaru unapoanza kukuhukumu. Kipande kikubwa ni bapa na hakipindi. Tundu likiwa katikati ya sakafu, mwinuko unatoka pande nne, na kipande cha 60 kwa 60 itabidi ukikate kwa mshazari kufuata kila upande, vinginevyo kona zitasimama na vidole vya miguu vitazijua. Kipande cha 30 kwa 30 kinafuata mwinuko bila ugomvi mwingi. Sisi tulilijua hilo baada ya kulipia.

Namba moja: poseleni isiyong'aa, 30 kwa 30

Poseleni huchomwa kwa moto mkali kuliko seramiki ya kawaida, na udongo wake unashikana hadi unakuwa karibu kama jiwe. Ili iitwe poseleni, inatakiwa inyonye maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Marumaru ya ukutani hunyonya zaidi ya asilimia 10. Tofauti hiyo unaweza kuiona dukani bila karatasi yoyote: geuza kipande, dondoshea matone ya maji mgongoni, subiri dakika moja. Kwenye poseleni tone linakaa juu kama umande kwenye jani la mgomba. Kwenye ya ukutani linazama na kuacha doa jeusi.

Ya mati, yaani isiyong'aa, yenye uso wa mkwaruzo kidogo, inashika mguu hata ukiwa na sabuni. Kwenye baadhi ya maboksi kuna alama ya herufi R na namba kuanzia R9 hadi R13. Namba ikipanda, mshiko unaongezeka. Kipimo hicho hufanywa kwa mtu aliyevaa viatu. Kipimo cha mguu mtupu ni herufi A, B na C, na sehemu ya kuogea inataka angalau B. Ukikuta boksi halina alama hata moja, omba kipande, mwagia maji, paka sabuni, vua kiatu, kanyaga. Muuzaji alitucheka, kisha akaja naye kujaribu.

Ubaya wake ni mbili. Ni ngumu kukata: kikatio cha mkono cha bei rahisi kinaiacha na meno, au inapasuka njia usiyotaka. Azima au kodi grenda yenye disku ya almasi, na vaa miwani na barakoa, vumbi lile si la kuvuta. Ubaya wa pili nitauelezea nikifika kwenye gundi, maana ndio unaowaumiza wengi.

Namba mbili: seramiki ya sakafu yenye mkwaruzo, 40 kwa 40

Kama hamjawahi kushika mwiko maishani, anzeni na hii, wala msione aibu kuiruka namba moja. Kikatio cha mkono kinaikata vizuri: unachora mstari mmoja, unabonyeza, inaachia. Ukiiloweka kwenye maji kwanza, inashika hata kwenye mchanganyiko wa kawaida wa simenti na mchanga. Pia ni nyepesi, na wenye nyumba kwenye mawe ya Igogo au Mabatini, ambako gari linaishia chini na maboksi yanapanda kwa vichwa vya watu, wanajua uzito nao ni gharama.

Hakikisha tu boksi limeandikwa ni ya sakafu. Ya ukutani ina maua mazuri na bei ya kuvutia, na kuna watu huiweka chini. Haikutengenezwa kubeba uzito wa mtu na ndoo, inapasuka kimya kimya kwenye kona.

Namba tatu: simenti iliyopigwa niru

Najua si marumaru, lakini kama bajeti imekatika baada ya kubadilisha bomba, usikope ili ununue marumaru mbovu. Sakafu ya simenti yenye mwinuko sahihi, iliyopigwa niru (simenti tupu inayolainishwa juu) na kumwagiliwa maji kwa siku saba bila kukanyagwa ovyo, itakaa miaka, na siku fedha ikipatikana marumaru inawekwa juu yake baada ya kuikwaruza. Usiisugue ikawa kioo tu. Niru iliyolainishwa kupita kiasi inateleza kama ile iliyomwangusha mama mkwe.

Namba nne: teraso

Hii ni simenti iliyochanganywa na vipande vidogo vya mawe. Kwa kudumu ningeipa namba moja. Tazama korido za shule na ofisi za zamani, watu wamepita miongo na bado ipo. Lakini inamwagwa, inasagwa kwa mashine, inasagwa tena, inapigwa nta. Si kazi ya wanandoa na Jumamosi zao mbili.

Namba tano: poseleni ya kung'aa, 60 kwa 60

Hii ndiyo utakayoonyeshwa kwanza kila duka, na ndiyo iliyopangwa karibu na mlango. Sebuleni ni nzuri, sina neno. Bafuni inateleza, haipokei mwinuko, na inakula fedha kwa njia usiyoitarajia. Piga hesabu ya bafu letu. Eneo ni mita za mraba 3. Kipande kimoja ni mita za mraba 0.36, kwa hiyo kwa hesabu ya haraka unaona vipande 9. Lakini upana wa 1.5 unataka safu tatu, ya tatu ikiwa nusu, na urefu wa mita 2 unataka vipande vinne kila safu. Hivyo vinakuwa 12, usipotumia mabaki ya kukata, kabla hujavunja hata kimoja. Za 40 kwa 40 ni vipande 20 (vinne kwa vitano) na mabaki ni kidogo. Za 30 kwa 30 ni vitano kwa saba, 35. Ongeza moja katika kila kumi kwa ajili ya kuvunjika, na zaidi kidogo kama ni mara yenu ya kwanza. Sisi tulivunja sita. Nne ni za baba watoto, mbili zangu, ingawa yeye anazihesabu tatu tatu.

Namba sita: mkeka wa plastiki

Maji yanapita pembeni, yanakaa chini, na harufu inaanza. Uache.

Mkiwa dukani

Maduka ya vifaa vya ujenzi yapo mjini kati na kandokando ya barabara ya Musoma. Tembelea matatu kabla ya kulipa, na linganisha bei kwa mita ya mraba, si kwa boksi, kwa sababu idadi ya vipande kwenye boksi inatofautiana. Marumaru nyingi za hapa nchini zinatoka viwanda vya mkoa wa Pwani, Chalinze na Mkuranga. Ni zaidi ya kilomita elfu moja kwenye lori mpaka kufika kwetu. Fungueni kila boksi kabla halijatoka dukani, siyo la juu tu. La chini ndilo lililobeba wenzake njia nzima.

Chukua vipande viwili, viweke uso kwa uso. Vikicheza au ukiona mwanga katikati, vimepinda, na bafuni ukingo uliosimama utauona kila siku. Kisha soma namba ya bechi, yaani ya mkupuo mmoja wa kiwandani, kwenye maboksi yote. Bechi mbili za rangi ileile hazifanani. Chini ya taa ya duka huoni kitu, jua la asubuhi la dirishani ndilo linalosema ukweli.

Rangi? Kijivu au udongo. Nyeupe itakufanya mtumwa wa brashi. Grauti, ile ya kujazia mianya kati ya vipande, nayo chukua kijivu. Yetu ya kwanza ilikuwa nyeupe, na baada ya mvua mbili, maji ya pipa yenye udongo yakawa yameshaipa rangi yake.

Gundi, na kosa linalorudiwa

Huu ndio ubaya wa pili wa poseleni. Kwa kuwa hainyonyi maji, simenti ya kawaida haipati pa kushika mgongoni mwake. Inakauka, inaonekana imara, na baada ya miezi unapiga kwa ukucha unasikia mlio wa debe tupu. Nunua gundi ya marumaru ya unga inayochanganywa na maji. Mfuko wa kilo 20 huenda takribani mita za mraba 4 hadi 5, kwa hiyo bafu dogo linataka mmoja. Ipake kwa mwiko wa meno, sakafu yote. Ile tabia ya kubandika madonge matano, manne ya kona na moja la katikati, inaacha mapengo chini, na maji yakishaingia huko hayana pa kutokea.

Chini ya gundi, paka dawa ya kuzuia maji mara mbili, ipande ukutani angalau sentimita 15, na zaidi pale mnapoogea. Ukibana bajeti, punguza kwenye marumaru, siyo hapa. Tulipong'oa zile za kwanza tulikuta simenti ya chini imelowa kabisa, na ukuta wa chumbani ulikuwa umeanza kubabua rangi. Tulikuwa tumelaumu paa mwaka mzima.

Usafiri: boksi la 60 kwa 60 lenye vipande vinne lina karibu kilo 30. Usipakie bodaboda, utaokota vigae barabarani. Kirikuu, gari dogo la mizigo, mkishirikiana na jirani haiumizi sana, na maboksi yasimame kwa ubavu, yasilazwe.

Baada ya kupanga, tulikaa saa 24 bila kukanyaga, tukapaka grauti, tukasubiri tena. Siku hizo tuliogea kwenye bafu la mabati la mama mkwe, ndivyo tunavyoliita sasa. Vipande vilivyobaki viko uvunguni mwa kitanda, vitatu, na namba ya bechi baba watoto ameiandika kwa penseli nyuma ya mlango wa bafu.