Vitendanishi vya kreatinini: cha pikriki au cha kimeng'enya?

Kreatinini ni taka ya damu inayotolewa na figo, na kitendanishi ni kemikali ya kuipimia. Kwa maabara ya Kigoma yenye mfuko mdogo na wagonjwa wengi watu wazima, kitendanishi cha pikriki (asidi ya pikriki), yaani njia ya Jaffe ya tangu 1886, kinatosha mradi ujue kinakodanganya. Kwa watoto, hapana.

Kabla ya kuuliza bei, soma karatasi ya maelekezo utafute maneno IDMS au SRM 967. Maana yake kalibreta, yaani kimiminika chenye kiasi kinachojulikana cha kusetia mashine, imepewa thamani kwa kufuata spektrometria ya masi, ambayo ndiyo kipimo cha rejea. Huko seramu hutiwa kiasi kinachojulikana cha kreatinini yenye deuteri (hidrojeni nzito) tatu. Ya mgonjwa huonekana kwenye masi 114, ya kutiwa kwenye 117, na uwiano wao ndio hutoa jibu. Sampuli ikipungua njiani zote hupungua sawasawa. Hata mashine hiyo ina mtego wake: kreatini, yenye 132, hupoteza maji ikishapata chaji na kujifanya 114, kwa hiyo lazima itenganishwe kwanza kwenye kolamu. Boksi lisilotaja rejea hiyo lirudishe dukani. Majibu yake usiyaingize kwenye fomula ya CKD-EPI, ya kukadiria figo zinavyofanya kazi.

Pikriki hugeuka rangi ya machungwa ikikutana na kreatinini, lakini kalibreta nzuri haiizuii kugeuka hivyo pia kwa protini, glukosi na ketoni. Watengenezaji wengine hupunguza µmol/L 18 hadi 26 kwenye kila jibu la seramu kufidia protini. Kwa mtu mzima mwenye 300 si kitu. Kwa mtoto mwenye 30 jibu limeharibika. Mgonjwa wa kisukari aliyejaa ketoni hupandishiwa jibu. Wa sikoseli mwenye macho ya njano hushushiwa, maana bilirubini huvuta chini, na kreatinini yake mara nyingi ni ndogo tangu mwanzo.

Kwenye mashine ndogo, kwa kawaida ni µl 1000 za mchanganyiko wa soda kali (hidroksidi ya sodiamu) na pikriki, uliokwisha kufika 37°C, kisha µl 100 za seramu. Soma kwenye nm 492 sekunde ya 30, halafu tena baada ya dakika moja au mbili, kama karatasi inavyosema. Kinachopimwa ni mwendo wa rangi, kwa hiyo umeme ukikatika katikati, mwaga uanze upya. Kurudia kyuveti (kichupa cha kusomea) ileile hakuna maana. Mchanganyiko uliotoka friji moja kwa moja huchelewesha rangi. Mkojo upunguze mara 50, uzidishe jibu kwa 50. Hapo pikriki hufanya kazi vizuri, kwa sababu kreatinini ni nyingi na protini kidogo. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa chenye maji: pikriki iliyokauka hulipuka.

Cha kimeng'enya ni ghali zaidi, lakini hakisumbuliwi na ketoni wala protini. Kinataka 2–8°C safari nzima, na treni ya Dar es Salaam hadi Kigoma si safari ya saa mbili. Bila barafu na kipimajoto ndani ya boksi usipokee. Kwa kitendanishi hiki, sampuli iliyotolewa mkono wenye dripu ya dopamini hushuka jibu.

Mgonjwa aliyeanza dolutegravir, dawa ya VVU, kreatinini yake ikapanda kidogo, usilaumu boksi. Dawa hiyo huzuia kwa kiasi mirija ya figo kuitoa kreatinini, na hata spektrometa ingeonyesha hivyohivyo.