Uzoefu wangu na chungu cha umeme cha kupika polepole (lita 3.5, wati 210)

Kwa kongoro, makande, bokoboko na nyama ya shingo, chungu hiki kinastahili pesa yake. Kwa wali na samaki, hakina kazi. Anayekinunua akidhani kitachukua nafasi ya jiko, baada ya muda mfupi atakipandisha juu ya kabati na kukisahau.

Ninachotumia ni cha kawaida kabisa: gamba la bati lenye waya wa joto kuzunguka ubavuni, chungu cha kauri kinachotoka, mfuniko wa kioo, na swichi ya kuzungusha yenye hatua nne: kuzima, moto mdogo, moto mkali na kutunza joto. Hakina saa wala hakijizimi. Hizo lita 3.5 ni mpaka ukingoni. Chakula chenyewe ni kama lita 2.5, cha kutosha watu wanne hadi watano. Jaza kati ya nusu na theluthi mbili. Ukiweka kidogo mno, pembeni kunakauka na kuungua. Ukijaza pomoni, kinachelewa kupata joto.

Kuhusu swichi, wengi wanadhani moto mkali unachemsha na mdogo hauchemshi. Mwishoni hatua zote mbili hufika karibu joto lilelile, chini kidogo ya kuchemka. Moto mdogo unachelewa tu kufika. Saa moja ya mkali hesabu kama mbili za mdogo. Hatua ya kutunza joto si ya kupikia, wala si ya kupashia kiporo, kwa sababu kiporo kitakaa vuguvugu muda mrefu na hapo ndipo vijidudu vinapoongezeka. Pasha jikoni mpaka kichemke, kisha ndiyo ukitunze humo.

Kosa linaloharibu vyakula vingi ni maji. Mvuke unagonga mfuniko na kurudi chini, hivyo mchuzi haupungui sana, na nyama na nyanya nazo zinatoa maji yake. Ukitia maji uliyozoea ya sufuria, utapata supu. Kwa kilo moja ya nyama ya mchuzi, kikombe kimoja, yaani mililita 250, kinatosha. Mchuzi ukibaki mwepesi, washa moto mkali, toa mfuniko dakika 40, au ponda viazi viwili vitatu humohumo. Na usifunuefunue. Kila ukifunua, joto linatoka na unapaswa kuongeza dakika 20 hadi 30. Ndiyo maana kuna wanaolalamika kwamba saa nane hazikutosha.

Mchuzi wenyewe: kaanga vitunguu viwili mpaka viwe kahawia, tia tangawizi, kitunguu saumu, bizari na nyanya tatu, kaanga mpaka mafuta yajitenge. Hatua hii usiiruke, kwani humu ndani hakuna moto wa kukaangia, na kitunguu kibichi kitabaki na harufu yake hata baada ya saa nane. Viazi viende chini na ubavuni, karibu na joto, maana vinachelewa kuiva kuliko nyama. Nyama juu, viungo juu yake, maji ya moto, funika. Moto mdogo saa 8, au mkali saa 4 hadi 5. Chagua shingo, kifua au mkia: vile vinyuzi na ngozi ngumu huyeyuka taratibu na kuufanya mchuzi uwe mzito. Steki haina mafuta wala vinyuzi hivyo; itatoka kavu hata ikiogelea. Kuku wa kienyeji anafaa sana, ila wa kisasa baada ya saa 4 za moto mdogo huanza kuachana na mifupa. Nyama iliyoganda isiingie kabla ya kuyeyuka kwenye friji.

Kongoro ndilo naona chungu hiki kimezaliwa kwa ajili yake. Kwato moja iliyokatwa vipande, ichemshe jikoni dakika 10, mwaga yale maji yenye povu, ioshe, kisha tia chunguni na maji ya moto ya kufunika tu. Ukiweka saa 2 usiku kwa moto mdogo, saa 1 asubuhi supu iko tayari. Ndimu na pilipili ni mezani.

Maharage yanahitaji uangalifu zaidi. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo huharibika kwa kuchemka hasa, na joto la chini linaweza kuifanya iwe kali zaidi kuliko ya maharage mabichi. Kwa hiyo: loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha jikoni kwa maji mapya, yatokote dakika 10 bila kupungua (mimi napendelea 30), ndipo uhamishie chunguni. Anayekwambia tia makavu asubuhi uende kazini anakutafutia kutapika. Makande ni vivyo hivyo: kikombe kimoja na nusu cha mahindi yaliyokobolewa, kikombe kimoja cha maharage, vyote vilowekwe na kuchemshwa, kisha vikombe vitano vya maji ya moto na moto mkali saa 6 hadi 7. Nyanya na ndimu zisubiri mpaka vilainike, kwani uchachu unachelewesha maharage kuiva. Tui jepesi laweza kuingia mapema. Tui zito liwe dakika 20 za mwisho, la sivyo linakatika na kuelea madonge.

Bokoboko linatoka vizuri kuliko jikoni, kwa sababu halishiki chini kwa urahisi. Gramu 300 za ngano iliyotolewa ganda na kulowekwa, gramu 400 za nyama isiyo na mfupa, lita moja na nusu ya maji ya moto, mdalasini, chumvi. Moto mdogo usiku kucha. Asubuhi lisonge kwa mwiko mpaka livutike, kisha samli.

Umeme: wati 210 kwa saa 8 haizidi uniti 1.7. Ni nafuu kuliko kuacha jiko la sahani likiwaka mchana kutwa, ila tusidanganyane, presha ya umeme inaivisha maharage kwa chini ya uniti moja na chini ya saa mbili. Aliyenayo tayari hahitaji hiki, labda kwa ajili ya kulala huku supu ikipika.

Umeme ukikatika uko nyumbani, hamishia gesi palepale. Ukiwa kazini hutajua ulikatika saa ngapi, na chakula kilichokuwa nusu mbichi kikapoa kisha kikapashwa tena ni cha kumwaga hata kama kinanukia. Angalia saa ya maikrowevu: ikiwa inawakawaka, umeme uliondoka. Kwa mitaa yenye mgao, pika usiku au siku ya kushinda nyumbani.

Kabla ya kukiamini, kipime. Tia maji ya bomba nusu chungu, moto mdogo saa 8 bila kufunua, kisha pima mara moja kwa kipimajoto cha chakula. Yakifika nyuzi 85 au zaidi, kiko sawa. Yakiwa chini ya hapo, kirudishe dukani.

Kauri haipendi ghafla. Usitie maji baridi kikiwa cha moto wala usikitoe friji ukakiweka kwenye gamba lililowashwa. Utasikia mlio mmoja tu na ufa umeshapita. Usikiweke juu ya gesi. Gamba la nje halioshwi, linafutwa kwa kitambaa kibichi likiwa limechomolewa. Na kama ndugu amekuletea kutoka Marekani, soma kibandiko cha chini kabla ya kuchomeka: kikiandikwa volti 120, hakifai kwenye soketi zetu bila transfoma ya kushusha, na transfoma iwe ya wati 300 au zaidi kwa sababu itafanya kazi usiku kucha.