Nyumba ya wazee yenye uangalizi: jengo zuri, zamu ya usiku haba

Mama mdogo wangu, ambaye mwaka huu ametimiza miaka 79, amekaa miezi kumi na minne katika jengo la wazee lenye uangalizi kaskazini mwa London. Tangu ahamie, haziniishi simu za Waswahili wenzangu wa hapa Uingereza wanaotaka kujua kama pahala pale panafaa kumpeleka mzazi, nami nimechoka kulijibu swali moja vipande vipande. Sitalitaja jina la jengo wala la shirika la nyumba linaloliendesha, kwa sababu yeye bado ni mpangaji wao na miongoni mwa nitakayoyaeleza yapo ya lawama.

Kwanza niondoe dhana iliyotusumbua sisi wenyewe. Ukimtajia Mzanzibari nyumba ya wazee, fikra zake zinakwenda moja kwa moja Sebleni, yaliko makao ya kulelea wazee ya Unguja, na baada ya Sebleni inafuata aibu: watu watasema tumemtupa. Mjomba wangu alikaa wiki mbili bila ya kuzungumza nasi. Lakini jengo hili si makao ya kulelewa. Mama mdogo ana mkataba wa kupanga, ana ufunguo wake, ana chumba cha kulala, sebule na jiko, na hakuna anayempangia saa ya kuamka wala ya kula. Kinachoongezwa juu ya hapo ni wahudumu wanaopita asubuhi na jioni kumsaidia kuoga na kunywa dawa, msimamizi wa jengo anayekuwapo siku za kazi, na kamba za kuitia msaada katika kila chumba. Tofauti hiyo ina uzito wake, kwani hata ukaguzi umegawika: Care Quality Commission, tume inayokagua huduma za afya na za malezi ya watu wazima katika England, inaikagua kazi ya wahudumu wanaomwogesha, lakini jengo lenyewe na mkataba wa kupanga havimo katika ukaguzi huo. Ukisoma ripoti nzuri ya tume hiyo usidhani umeambiwa lolote juu ya lifti.

Kwa upande wa ujenzi, aliyelichora jengo hili alijua kazi yake. Majengo mengi ya wazee yaliyojengwa zamani yana ujia wa giza katikati, vyumba huku na huku, milango yote ya rangi moja, kama hoteli ya bei rahisi. Hapa ujia uko upande mmoja tu, una vioo vinavyotazama ua wa ndani, na dirisha la jiko la kila mpangaji linafunguka kwenye ujia huo, hivi kwamba mama mdogo akiwa anakata vitunguu anamwona kila anayepita, na anayepita analazimika kumwamkia. Kando ya kila mlango pamejengwa kibao cha kukalia. Mchoraji bila shaka hakupata kuliona baraza la Mji Mkongwe, lakini alichojenga ni baraza, na linatumika kama baraza: mchana mmoja nilimkuta mama mdogo amekaa na bibi wa Kijamaika wa mlango wa tatu, wamenyamaza wote wawili, wanakunywa chai.

Mpango huo haukuzuka tu. Mwaka 2009 jopo la wataalamu wa nyumba za wazee lililojulikana kwa jina la HAPPI, likiongozwa na Richard Best, mjumbe wa Baraza la Malodi la Uingereza, lilitoa ripoti baada ya kutembelea majengo 24 katika nchi sita za Ulaya, na ndani yake likapendekeza mambo kumi, yakiwemo nafasi ya kutosha, mwanga wa jua, roshani, stoo, mimea, na kuepuka ujia wa ndani usio na dirisha. Baadaye serikali ilipofungua mfuko maalumu wa ruzuku ya kujenga nyumba za aina hii, mapendekezo hayo yakafanywa kigezo. Ukenda kutazama nyumba, basi, huna haja ya kuwa fundi: simama mlangoni, utazame kama chumba kina dirisha upande mmoja au pande mbili, na uulize vitu vya zamani vya mzee vitawekwa wapi.

Bafuni mambo yamefikiriwa vizuri zaidi. Sakafu haina kizingiti wala mng'ao, kwa kuwa mzee anayeanza kusahau huiona sakafu inayong'aa kama imelowa na hukataa kuikanyaga. Kwa sababu hiyohiyo mlango mkuu hauna zulia jeusi, maana kwa macho ya namna ile zulia jeusi ni shimo. Kiti cha choo ni cha buluu iliyokoza juu ya choo cheupe ili kionekane upesi. Bomba la kutawazia halikuwapo, na ombi letu lilipita mikono ya watu watatu kabla ya mmoja wao kuelewa tunachokitaka, lakini lilipoeleweka likafungwa kwa siku moja na bila malipo.

Jikoni tulipata kioja. Jiko walilofunga ni lile la sumaku, ambalo hupasha chombo chenyewe badala ya uso wake na ukiondoa chombo linajizima lenyewe, na kwa mtu aliyewahi kusahau maharage motoni hadi jirani akaita zimamoto, sijui jiko gani lingemfaa kuliko hilo. Tatizo ni kwamba halizitambui sufuria za alumini. Mama mdogo alihamia na seti nzima aliyoibeba kutoka soko la Darajani, Unguja, akaweka maji ya chai, akangoja, akabonyeza tena, kisha akanipigia simu kuniambia jiko ni bovu. Sufuria zile sasa zimepangwa juu ya kabati, na tulimnunulia nyingine za chuma. Jambo kama hili lingeandikwa mstari mmoja katika barua ya kumkaribisha mpangaji, lisingetugharimu wiki ya mikate na mtindi.

Fedha ndiyo sehemu wanayoniuliza wengi, nayo inahitaji utulivu, kwa sababu malipo yapo mafungu matatu na kila fungu lina mlipaji wake. La kwanza ni kodi pamoja na gharama za huduma za jengo, yaani usafi wa maeneo ya pamoja, lifti, taa za ujia na bustani. Hizi, kwa mwenye kipato kidogo, huweza kulipwa na benefiti ya nyumba, yaani msaada wa serikali wa kulipia kodi, ila umeme na joto la ndani ya chumba chake mwenyewe halilipiwi humo, na bili ya kwanza ya majira ya baridi ilitushtua. La pili ni malezi ya mwili, yaani kuoga, kuvaa na dawa, ambayo halmashauri huyapima kwa mujibu wa sheria ya malezi ya 2014 (Care Act) na kisha kuutazama mfuko wa mzee: mwenye akiba inayozidi paundi 23,250 hujilipia mwenyewe, na aliye chini ya 14,250 akiba yake haiguswi. Viwango hivyo havijapanda tangu 2010, ilhali kila kitu kingine kimepanda. Pembeni ya mafungu hayo ipo posho ya Attendance Allowance, ya serikali kwa wazee wanaohitaji kusaidiwa kwa ugonjwa au ulemavu, isiyotazama kipato wala akiba, nayo wazee wetu wengi wenye haki nayo hawaiombi kwa kuiona kama sadaka.

Fungu la tatu ndilo lenye kasoro, nalo ni la usaidizi: mtu wa kubisha hodi, kusoma barua za kaunsili pamoja na mzee, na kuwapo usiku. Kuanzia 2003 kazi hii ilikuwa na bajeti yake kwa jina la Supporting People, na halmashauri hazikuruhusiwa kuzitumia fedha zile kwa jambo jingine. Mwaka 2009 kinga hiyo iliondolewa, na zilipokuja zama za kubana matumizi, fungu hili ndilo lililokatwa kwa urahisi, kwa kuwa ukuta ukishajengwa huwezi kuupunguza, lakini saa za mtu unazipunguza kwa kalamu.

Kijitabu tulichopewa siku ya kutazama nyumba kiliandika kwamba kuna mhudumu usiku na mchana. Ukweli ni kwamba saa nne za usiku ofisi hufungwa, na anayevuta kamba hujibiwa na sauti kutoka kituo cha simu cha mji mwingine, ambayo humpigia jamaa wa karibu au gari la wagonjwa. Jamaa wa karibu ni mimi, nami nakaa mwendo wa dakika hamsini. Mwezi wa Novemba mama mdogo aliteleza chooni saa tisa za usiku. Kamba ya pale kwa kawaida hufika karibu na sakafu, ina pete mbili nyekundu, ya juu ya kumfaa aliyekaa na ya chini ya kumfaa aliyeanguka. Lakini msafishaji alikuwa ameizungusha mara mbili kwenye chuma cha kushikia ili isiguse maji ya deki, na pete ya chini ilikuwa imening'inia usawa wa kiuno. Alikaa sakafuni hadi mhudumu wa asubuhi alipofika. Hakuvunjika, alhamdulillahi, ila baridi ilimuingia, na kwa mwezi mzima hakuthubutu kwenda chooni bila ya kuwasha taa zote.

Ongeza na lifti, ambayo ni moja tu kwa ghorofa nne, na mwezi wa Februari iliharibika siku nne mfululizo. Gharama ya matengenezo yake imo katika malipo ya kila wiki, na hakuna aliyerejeshewa hata senti.

Baada ya mkasa wa Novemba niliandika malalamiko rasmi, na msimamizi, ambaye ni mtu mwema aliyeachiwa kazi ya watu watatu, alizikagua kamba za vyumba vyote siku ileile. Nilimuuliza mama mdogo kama anataka tutafute pahala pengine. Akanitazama kama niliyepotewa na akili. "Mwanangu, nihame na mchicha nimeupanda juzi?" Ana tuta lake katika ua, lililoinuliwa hadi usawa wa meza ili apalilie bila ya kuinama, na bibi wa Kijamaika tayari ameshaweka oda. Wapangaji wameitisha mkutano na shirika Alhamisi ijayo kuhusu zamu ya usiku, nami nimeombwa niende nikatafsiri.