Odi ya pale Kalerwe, aisee

Kama uko Kampala na hujawahi kula odi ya kweli basi fika soko la Kalerwe, upande wa wauza karanga, kuna mama mmoja Mwacholi anauza kwenye ndoo nyeupe. Odi kwa asiyejua ni karanga na simsim (ufuta) zinakaangwa zinasagwa pamoja mpaka zinakuwa laini nzito, watu wa kaskazini huko mboga bila odi wanaona kama umewanyima. Ya huyu mama haina ujanja wa kuongezea unga, unaona mafuta yamepanda juu na ukifungua tu unasikia harufu ya simsim iliyoiva, siyo iliyoungua. Mimi naipikia majani ya kunde, nachemsha na magadi kidogo, maji yakikaribia kukauka naepua ndo nakoroga odi na maji ya vuguvugu namimina, usirudishe kwenye moto mkali maana mafuta yatajitenga yote yabaki pembeni mboga ikose ladha. Kwa viazi vitamu weeh, watoto wanalamba sahani!

Bei iko juu kuliko binyebwa ya kawaida, yaani karanga tupu za kusagwa, sawa tu. Ila vifuniko vya makopo yake ni feki kabisa, mafuta yalinivujia kwenye begi nikiwa kwa boda, so beba kopo lako. Na nenda asubuhi, jioni unapewa ile ya chini imekauka. Mwambie akuonjeshe kwanza, hana choyo.